Mume Wangu ni Yupi?

Ndugu msomaji, juma hili nimeliweka kando somo nililokuwa nimekwisha kuliandaa juu ya uji wa watoto, kwa sababu ya barua moja. Imeandikwa na mama wa watoto watatu, mkazi wa mojawapo ya miji yetu. Mwenyewe ameomba jina lake na la mji wake yasitajwe, nami naiheshimu haki yake hiyo. Nitaieleza habari yake kwa ufupi, kwani naamini kwamba iko nyumba nyingine inayosoma ukurasa huu leo ambamo mambo ni hayo hayo.

Mumewe ni fundi wa mitambo kiwandani, mtu mpole asiye na maneno mengi, ambaye kwa miaka kumi na miwili ya ndoa yao hakupata kukopa hata shilingi bila ya kushauriana naye. Mwaka jana, baada ya kuhamishiwa zamu ya usiku, alibadilika. Alianza kulala saa mbili tu kwa siku, na hata hivyo akiamka na nguvu za mtu aliyelala usiku kucha. Alizungumza mfululizo, akirukia jambo hili kabla hajalimaliza lile. Aliwaambia majirani kwamba amegundua namna ya kuendesha mashine za kusaga pasipo mafuta wala umeme. Kwa siku moja alichukua mikopo mitatu kwa njia ya simu, akatoa akiba yao yote katika chama cha kuweka na kukopa, akanunua majokofu mabovu manane kwa nia ya kufungua kiwanda. Saa tisa za usiku alikuwa akigonga milango ya watu kuwaajiri. Mkewe alipojaribu kumzuia, alimsukuma akaanguka, jambo ambalo halijapata kutokea tangu waoane.

Baada ya wiki sita hivi, yote yakazimika. Sasa mtu yule yule amelala akiuelekea ukuta. Haogi asipoambiwa, hali asipobembelezwa, na watoto wakimwamkia hujibu kwa kutikisa kichwa. Wadai wanapiga simu. Majokofu manane yako uani, kuku wanatagia humo. Mawifi wanasema kaka yao amerogwa na wenzake wa kazini. Majirani wanasema ni bangi. Na juzi usiku mume huyo amemwambia mkewe kwamba yeye na watoto wangestarehe zaidi kama asingekuwapo. Mama huyu anamaliza barua yake kwa kuuliza swali moja: kati ya watu hao wawili, yule aliyekuwa akicheka na huyu aliyenyamaza, mumewe ni yupi?

Dada yangu, swali lako nitalijibu, lakini kwanza tushughulike na lile neno la juzi usiku. Hilo si neno la kulipuuza wala la kungojea mwisho wa mwezi. Mgonjwa anaposema kwamba watu wangestarehe bila yeye, muulize waziwazi, kwa sauti ya upole, kama anafikiria kujiua. Wako wanaoogopa kuuliza wakidhani watamtia mtu wazo ambalo hakuwa nalo. Hofu hiyo haina msingi. Mara nyingi mgonjwa hupata nafuu kwa kuona kwamba yuko mtu anayeweza kulisikiliza jambo hilo. Ondoa nyumbani sumu ya panya na dawa za kuulia wadudu, vidonge vyote vikae kwa mtu mwingine, asiachwe peke yake, na leo hii umpeleke hospitali ukiwa na shemeji yako au jirani wa kukusaidia. Ukifika waeleze maneno yale aliyoyasema kama alivyoyasema. Usione haya ukayafunika kwa kusema kwamba mgonjwa anaumwa kichwa.

Sasa tuutazame ugonjwa wenyewe. Mimi si daktari wa kumpima mtu kwa barua, lakini habari kama hii madaktari wa akili huisikia kila siku, nao wana jina lake: baipola, yaani ugonjwa wa ncha mbili. Zamani wataalamu wa Ulaya, tangu siku za Mjerumani Emil Kraepelin mwishoni mwa karne ya 19, waliuhesabu kuwa wazimu mmoja wenye nyuso mbili, uso wa kuchangamka kupita kiasi na uso wa huzuni. Sisi wa pwani tungeweza kuufananisha na bahari. Maji hujaa mpaka yakapita ukingo wake, kisha yakapwa mpaka mwamba ukaonekana, na katikati ziko siku nyingi za maji ya kawaida. Mfano huo una upungufu mmoja tu: bahari ina kalenda yake na kila mvuvi anaijua, lakini ugonjwa huu hauna. Mtu aweza kukaa miaka akiwa mzima, kisha ukamrudia mara mbili katika mwaka mmoja.

Kushuka kwake ndiko wengi wetu tunakokutambua angalau kidogo, na siku hizi jina la sonona limeenea. Kupanda ndiko kunakotudanganya. Mtu amechangamka, ana mipango, anasaidia kila mtu, anatoa fedha, anaimba alfajiri. Nani atampeleka hospitali mtu mwenye furaha? Kwa wengine kupanda huko huwa kwa kiasi kidogo tu, kusikofikia kupoteza akili. Mama muuza maandazi huamka saa nane za usiku, akakanda unga wa mara tatu ya kawaida yake, akaanza kushona vitambaa, akajiunga na vikundi vitano vya upatu, na watu wote wakamsifu kwa bidii. Miezi miwili baadaye hawezi kutoka kitandani, na watu wale wale wanasema amekuwa mvivu. Akifika kwa daktari anaeleza huzuni yake peke yake, kwa sababu ile bidii hakuiona kuwa ni ugonjwa. Hapo iko hatari kubwa, maana dawa za kuondoa sonona, zikitolewa peke yake kwa mtu wa namna hii, zaweza kumrusha juu tena, pengine juu zaidi kuliko mara ya kwanza. Kwa hiyo, wewe unayemsindikiza mgonjwa, usimweleze daktari juu ya machozi tu. Mweleze na juu ya kicheko.

Ikiwa kuna alama moja ambayo ningependa kila nyumba iijue, ni usingizi. Mtu mwenye mawazo ya ada na kodi hukosa usingizi, akaamka amechoka na macho mekundu. Anayepanda kwa ugonjwa huu hulala saa mbili au tatu, na haoni uchovu. Hahitaji usingizi. Ukiona hali hiyo imeendelea siku nne au tano, na maneno yanaongezeka, na fedha inatoka, na mtu anakasirika upesi akipingwa, usingoje mpaka agonge milango ya watu usiku.

Wale majirani waliosema ni bangi hawakusema upuuzi mtupu. Bangi, mirungi na pombe vyaweza kuleta vituko vinavyofanana na hivi, na kwa mwenye ugonjwa huu huuchochea. Kadhalika malaria iliyopanda kichwani, kaswende ya siku nyingi, virusi vya UKIMWI na tezi la shingoni linalofanya kazi kupita kiasi vyaweza kumvuruga mtu akili. Ndiyo sababu daktari mwangalifu hupima damu kwanza. Lakini mzee ambaye hajaonja chochote kati ya hivyo anapopanda na kushuka namna hii, kumtafutia msokoto mfukoni ni kupoteza wakati.

Unatoka wapi? Sehemu kubwa huenda na damu ya ukoo. Mtoto ambaye mzazi wake mmoja anao, uwezekano wake wa kuupata ni yapata mmoja kwa kumi, hali katika watu wote ni kama mmoja kwa mia. Maana yake ni kwamba watoto tisa kati ya kumi wa namna hiyo hawaupati. Mara nyingi huanza kati ya ujana na miaka ya ishirini na kitu, ijapokuwa huweza kumkuta mtu akiwa na umri mkubwa zaidi, kama huyu fundi wetu. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2019 watu milioni 40 duniani walikuwa nao. Basi haukuzuka katika kiwanda kimoja kwa husuda ya wenzake.

Lakini damu ya ukoo haitoshi. Kwa kawaida liko jambo linalouamsha. Msiba, kufukuzwa kazi, na zaidi ya yote kuvurugika kwa usingizi. Soma tena barua ya dada yetu: mumewe alibadilika baada ya kuhamishiwa zamu ya usiku. Maelfu ya wafanyakazi wetu hukesha viwandani, hospitalini na kwenye malindo wasidhurike akili. Kwa mwenye mbegu ya ugonjwa huu, kukesha ni kumwaga mafuta ya taa karibu na jiko. Na kwa akina mama uko wakati mwingine wa hatari, nao ni majuma ya kwanza baada ya kujifungua. Mzazi ambaye mtoto amelala lakini yeye hana haja ya kulala, anayesema haraka haraka, anayeshuku kwamba mtoto amebadilishwa, huyo asiachiwe mashangazi wamkande kwa maji ya moto tu. Apelekwe hospitali siku hiyo hiyo, yeye na mtoto wake.

Dawa ipo. Iliyo maarufu kuliko zote ni lithiamu, ambayo ni madini yale yale yanayotiwa katika betri za simu (mtu asije akadhani nimesema betri ni dawa!). Habari ya kugunduliwa kwake kama tiba nataka niieleze kirefu kidogo, kwa sababu ndani yake mna makosa mawili ambayo nyumba zetu huyarudia hata leo.

Daktari John Cade wa Australia alikuwa amekaa zaidi ya miaka mitatu kifungoni mwa Wajapani huko Changi, Singapore, wakati wa Vita Kuu ya Pili. Aliporudi kwao alifanya kazi katika hospitali ya wagonjwa wa akili mjini Melbourne, na majaribio yake akayafanyia katika stoo ya vyakula iliyokuwa haitumiki. Mgonjwa wa kwanza aliyempa chumvi ya lithiamu alikuwa mwanamume wa miaka 51, ambaye kwa miaka mitano mfululizo alikuwa juu bila kushuka, mchafu, mharibifu, aliyehesabiwa kuwa msumbufu kuliko wote wodini. Hiyo ilikuwa mwishoni mwa Machi 1948. Kabla ya miezi minne kutimia mtu yule aliruhusiwa kwenda nyumbani, na haukupita muda akarudi katika kazi yake ya zamani. Fikiria, ndugu msomaji: miaka mitano ndani, kisha mtu anaamka asubuhi, anavaa, anakwenda kazini.

Basi akajiona amepona. Akaanza kuwa mzembe wa kumeza dawa, kisha akaiacha kabisa, na Januari 1949 alikuwa wodini tena katika hali ile ile. Hilo ndilo kosa la kwanza, nalo ni la watu wote. Hata wasomi hawakupona nalo. Kay Redfield Jamison, profesa wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins nchini Marekani, ambaye maisha yake yote ameufundisha ugonjwa huu, alichapisha kitabu mwaka 1995 akaeleza kwamba yeye mwenyewe anao. Alipokuwa juu alinunua, pamoja na vitu vingine vingi, lundo la vifaa vya huduma ya kwanza kwa walioumwa na nyoka. Naye aliwahi kuacha lithiamu kwa kuona hana haja nayo, akashuka mpaka akajaribu kujiua. Tusimcheke basi fundi wetu na majokofu yake.

Kosa la pili ni la upande wa kuzidisha. Mgonjwa yule wa Cade alirudishiwa dawa, lakini mwaka 1950 alikufa, na lithiamu iliyozidi mwilini mwake ilihusika na kifo hicho. Wakati huo haikuwapo desturi ya kupima kiasi chake katika damu. Baadaye kipimo hicho kilipatikana, na mwaka 1954 Mogens Schou na wenzake wa Denmark walitoa matokeo ya jaribio lililoonyesha kwamba dawa ile ilikuwa inafaa kweli. Leo tunajua pia kwamba hupunguza vifo vya kujiua. Lakini mezaji wa lithiamu lazima apimwe damu kila mara anapoagizwa, na figo na tezi la shingo zitazamwe. Mikono ikitetemeka sana, akiyumba kama mlevi, akitapika na kuharisha, ulimi ukiwa mzito, dawa isimamishwe na akimbizwe hospitali. Katika joto la miji yetu ya pwani anywe maji ya kutosha, asiache chumvi ghafla kwenye chakula, na asijinunulie dukani dawa za maumivu za aina ya diklofenaki au ibuprofeni, kwa maana huizuia lithiamu isitoke mwilini.

Ziko na dawa nyingine, nazo ni zile ambazo daktari wa wilaya aweza kuwa nazo zaidi: kabamazepini na valproeti, ambazo wengi wetu tunazijua kwa ugonjwa wa kifafa, na zile za kutuliza akili kama haloperidoli na olanzapini. Hapa neno moja kwa wasichana na akina mama. Valproeti humdhuru vibaya mtoto aliye tumboni. Mwanamke ambaye bado aweza kuzaa amwambie daktari waziwazi, atafutiwe nyingine. Na anayemeza kabamazepini ajue kwamba hupunguza nguvu za vidonge vya uzazi wa mpango.

Mawifi wa dada yetu wanataka kaka yao apelekwe kwa mganga. Sitawatukana, wala sitawakataza watu dua na maombi ya imani zao, maana faraja nayo ni sehemu ya kupona. Ninachokataa ni minyororo, kunyimwa chakula, kupigwa ili pepo atoke, na kuchomwa moto kichwani. Kadhalika nakataa desturi yetu ya mjini ya kuligeuza tusi jina la Mirembe, ile hospitali ya Dodoma, hata mgonjwa akaona afadhali afe kuliko kuonekana katika kliniki ya akili. Walio wengi hawana haja ya kulazwa huko. Huanza katika hospitali ya wilaya au ya mkoa, wakapewa dawa, wakarudi nyumbani.

Na kazi je? Mfanyakazi asiandike barua ya kuacha kazi akiwa chini, kama ambavyo hakupaswa kuanzisha kiwanda akiwa juu. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi wa Tanzania Bara likizo ya ugonjwa ya siku 126 katika kipindi cha miezi 36, siku 63 za kwanza kwa mshahara kamili na 63 zinazofuata kwa nusu mshahara, akileta cheti cha daktari. Ugonjwa wa akili ni ugonjwa. Daktari akiombwa, aweza kuandika vilevile kwamba mtu huyu asipangwe zamu za usiku, na chama cha wafanyakazi kiisimamie barua hiyo.

Sasa nilijibu swali lako, dada. Yule aliyegonga milango usiku alikuwa mumeo akiumwa. Huyu aliyegeukia ukuta ni mumeo akiumwa. Uliyeolewa naye ni yule wa miaka kumi na miwili, mtu wa maneno machache, naye hajaenda popote. Kwa matibabu utamwona tena, ingawa hautakuwa mwendo wa juma moja. Alipokusukuma ugonjwa ulikuwamo, lakini ugonjwa si ruhusa. Akipanda tena, na ukaona mkono wake umekuwa mwepesi, ondoka na watoto uende kwa wakwe zako, kisha uite watu wa kumpeleka hospitali. Usibaki kwa kuwahurumia majirani watakavyosema.

Atakapopata nafuu, katika siku zile za maji ya kawaida, keti naye mkubaliane. Akiba iwe ya sahihi mbili. Simu yenye mikopo ikae kwako mara usingizi wake utakapopungua chini ya saa tano kwa siku tatu. Ataje mwenyewe mtu mmoja ambaye atamsikiliza akimwambia twende hospitali. Pengine si wewe, pengine ni kaka yake mkubwa au msimamizi wake wa kazi. Andikeni, atie sahihi yeye mwenyewe akiwa na akili zake. Nunua na daftari la mtoto wa shule, kila asubuhi uandike alilala saa ngapi, ulichukue kila muendapo kliniki. Viongozi wa chama chenu cha kuweka na kukopa uwaonyeshe barua ya daktari, uombe deni lipangwe upya.

Ama yale majokofu manane, usimnung'unikie kila upitapo uani. Mtafute fundi wa majokofu ayatazame. Huenda mawili yakawaka. Yaliyobaki yachukuliwe na wanunuzi wa chuma chakavu, na fedha itakayopatikana ikalipwe chamani kwa jina lake.